Kijana wa metadoni akikamatwa Ijumaa jioni: taasisi zetu zinakabidhiana vipi?

Mjumbe wa Mtaa

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya ulinzi na usalama ya mtaa mmoja hapa Dar es Salaam, na naandika kwa sababu ya jambo lililotokea mtaani kwetu mwezi uliopita, ambalo mpaka leo linanikosesha usingizi. Kuna kijana ninayemfahamu tangu alipokuwa darasa la tatu, ambaye alitumia unga, yaani heroini, kwa miaka mingi, akaibia nyumba ya mama yake mpaka mabati ya jikoni, kisha mwaka huu akatimiza miezi minane akinywa kliniki, kila asubuhi bila kukosa, dozi yake ya metadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga. Mwili ulikuwa umeanza kurudi, na mama yake alikuwa ameanza tena kumwachia funguo.

Ijumaa moja jioni ulifanyika msako katika kijiwe kilicho nyuma ya soko, na kijana huyo, aliyekuwa amepita pale kudai hela yake ya kubeba mizigo, akachukuliwa pamoja na wengine kumi na mmoja. Mfukoni hakuwa na kete wala sindano, bali kadi ya kliniki, akaitoa na kuionyesha. Askari aliyeipokea aliigeuza pande zote mbili, akaitia kwenye bahasha pamoja na simu na mkanda wake, kama anavyofanya kwa mali ya kila mahabusu. Jumamosi kijana hakunywa dawa, Jumapili hakunywa, na Jumatatu walipoachiwa bila mashtaka ilikuwa alasiri na dirisha la kliniki lilishafungwa. Jumanne alfajiri alifika wa kwanza, akaambiwa kwamba kwa kuwa amekosa siku tatu mfululizo hawezi kupewa kiwango chake cha zamani mpaka aonwe na daktari, na kwamba ataanza chini. Alikuwa anatetemeka, kamasi na machozi vinamtoka, tumbo linamkata, na jioni hiyo hiyo alirudi kijiweni.

Nimekwenda kituoni na nimekwenda kliniki, na kote nimepokewa kwa heshima. Sikukuta mtu mbaya popote. Askari alifanya kazi ya askari na muuguzi alifanya kazi ya muuguzi, lakini kati ya milango ile miwili, ambayo kwa miguu ni dakika ishirini, hapakuwa na mtu hata mmoja aliyekuwa na wajibu wa kumpigia simu mwenzake.

Swali langu ni hili. Tunaambiwa kwamba mapambano dhidi ya dawa za kulevya ni ya Serikali nzima, yaani Mamlaka ya dawa za kulevya, Polisi, Wizara ya Afya, Ustawi wa Jamii, Magereza na halmashauri. Ukiacha vikao na maadhimisho ya kila Juni 26, taasisi hizi hukabidhianaje mtu mmoja mmoja anapotoka mikononi mwa ofisi moja na kuingia mikononi mwa nyingine? Na sisi wa ngazi ya mtaa, tunaotakiwa sasa kuunda kamati, tuanzie wapi ili jambo hili lisijirudie?

---

Muuguzi Mstaafu

Mjumbe, pole sana, na tafadhali mfikishie pole mama wa kijana.

Nianze kwa kumtetea mwenzangu aliyemnyima kiwango cha zamani, kwa maana naona hata wewe, pamoja na uungwana wako, jambo hilo limekuumiza. Mwili ukikaa siku kadhaa bila metadoni, uwezo wake wa kuihimili hushuka, na kiwango kilichokuwa kikimtuliza wiki iliyopita kinaweza kumkata pumzi usingizini, hasa ikiwa katika siku hizo alipata unga kidogo wa kuzima arosto, yaani mateso ya mwili unapokosa dawa, na akaona haya kusema. Muuguzi aliyempa chini alikuwa anamlinda. Kosa lilikuwa limeshatendeka tangu Jumamosi asubuhi.

Huduma hii ilianza Muhimbili mwezi Februari 2011, ikafuata Mwananyamala na kisha Temeke, na leo imefika mikoa kadhaa pamoja na Zanzibar. Nilikuwa bado kazini ilipoanza, na nakumbuka jinsi tulivyodhani kwamba kazi ngumu itakuwa dawa yenyewe. Dawa haikuwa ngumu. Mteja anafika dirishani, anatambuliwa kwa kadi na kwa sura, mfamasia anapima kiasi chake, anakunywa mbele yake, anasukumia kwa maji, kisha anatakiwa azungumze maneno mawili matatu kabla ya kuondoka ili ijulikane kwamba amemeza. Anasema, "Asante, dada, nimemaliza," na wewe unamtazama kinywa. Dakika moja imetosha. Shughuli ilikuwa katika saa ishirini na tatu na dakika hamsini na tisa zilizobaki, ambazo mteja yuko mikononi mwa watu wengine wasiojua kwamba yupo kwenye dawa.

Wala msidhani kwamba tatizo ni la polisi peke yao. Katika kliniki niliyofanyia kazi alikuwapo mteja mmoja, mtu mzima mwenye staha, ambaye baada ya kutulia kwa muda mrefu alianza kulalamika arosto kila usiku. Sisi tulimshuku kwamba anataka kuongezewa dozi, na wapo waliomwambia hivyo usoni. Kumbe alikuwa ameanzishiwa matibabu ya kifua kikuu katika jengo la pili, na rifampicini, moja ya dawa anazopewa mgonjwa wa kifua kikuu, huifanya metadoni iondoke mwilini haraka. Majengo yale mawili yalitenganishwa na mwembe mmoja. Tulijua ukweli siku muuguzi wa kifua kikuu alipovuka kivuli cha mwembe ule kuja kuuliza kwa nini mgonjwa wake amekata tamaa ya vidonge. Idara mbili za hospitali moja, wizara moja, bosi mmoja, zilikuwa karibu kumpoteza mtu kwa kutozungumza.

Kuhusu polisi, lililotusaidia lilikuwa dogo sana. Wateja walikuwa wakikamatwa nje ya geti letu asubuhi, kwa kuwa askari wa doria waliona mkusanyiko wa mateja, na mteja akishakamatwa mara moja wenzake wanaacha kuja. Mkuu wetu wa kliniki alimwalika mkuu wa kituo aje anywe chai saa kumi na mbili na nusu. Alikuja na askari wawili, wakasimama pembeni ya dirisha asubuhi nzima wakitazama. Mmoja wao alimwona mtu aliyemkamata mara nyingi akinywa dawa, akishukuru na kuwahi kibaruani. Baada ya siku ile doria ilibadilisha njia. Hakuna waraka ulioandikwa, na hapo ndipo palipokuwa na udhaifu wake, kwa maana mkuu wa kituo alipohamishwa tulianza upya.

---

Wakili wa Kinondoni

Nimesoma maelezo ya mjumbe na ya Mama Muuguzi kwa makini, na naomba niongeze upande wa sheria, kwa sababu nadhani ndani yake kuna jibu la kwa nini ushirikiano wa taasisi zetu ni imara mahali pamoja na legelege mahali pengine.

Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1995 ilituletea Tume ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuratibu. Ilikutanisha wizara na vyombo, lakini haikuwa na uwezo wa kukamata mtu. Sheria Namba 5 ya mwaka 2015 ikaunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, hii tunayoizoea kwa jina la DCEA, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ikiwa na uwezo wa kupekua, kukamata na kupeleleza, na mwaka 2017 akateuliwa Kamishna Jenerali wake wa kwanza, Rogers Sianga. Zanzibar nayo ina Mamlaka yake kwa sheria ya mwaka 2021, kwa kuwa sheria ya Bara haivuki bahari, na kwa hiyo kijana anayepanda boti asubuhi Unguja na kushuka Dar es Salaam ametoka mamlaka moja na kuingia nyingine ndani ya saa mbili.

Sasa tazameni jinsi vyombo hivi vinavyoshirikiana juu ya mzigo. Dawa zikikamatwa bandarini, hujazwa hati ya ukamataji mbele ya shahidi huru, hufungwa kwa lakiri, hukabidhiwa mtunza vielelezo kwa saini, hupelekwa kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kwa saini, hupimwa na kutolewa taarifa ya aina na uzito, hurudi kwa saini, na hatimaye huwekwa mbele ya hakimu au jaji. Uzito ndio unaoamua kosa ni lipi na adhabu ni ipi, kwa hiyo hakuna anayethubutu kukisia. Ukikosekana mkono mmoja katika mnyororo huo, wakili wa utetezi atauliza pakiti ililala wapi usiku wa tarehe fulani, na mahakama zetu zimewahi kuwaachia watu kwa sababu swali hilo halikujibiwa. Hali ni hiyo hiyo kwa kemikali bashirifu, zile za kiwandani zinazoweza kugeuzwa kuwa malighafi ya dawa za kulevya. Mwagizaji anapitia kwa Mkemia Mkuu, forodha wanaangalia, na Mamlaka inakagua. Dawa za hospitali zenye asili ya kulevya, kama morfini na pethidini, zinafuatiliwa na TMDA, mamlaka ya Serikali ya dawa na vifaa tiba.

Kwa maneno mengine, kete ya unga ina karatasi inayoifuata kila mkono unaoipokea. Mtu aliyekuwa anauvuta unga huo hana. Kijana wa mjumbe alipita kwa askari wa doria, mtunza mahabusu, mpelelezi, mfamasia na daktari, na hakuna hata mmoja aliyesaini kwamba amempokea akiwa katika hali gani na anahitaji nini kabla ya kesho asubuhi. Tumejifunza kukabidhiana vitu kwa sababu tusipokabidhiana vizuri tunashindwa kesi. Tukimkabidhi mtu vibaya, hakuna anayeulizwa.

Hata hivyo sheria haiko kimya. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka askari amtendee kwa utu mtu aliye chini ya ulinzi, na achukue hatua mara moja mtu huyo anapoomba matibabu au anapoonekana kuyahitaji. Kijana aliyetoa kadi ya kliniki alikuwa ameomba matibabu. Na mfano wa karatasi tunao tayari. Mtu aliyejeruhiwa hupewa PF3, fomu ya polisi ya matibabu, kituoni, anakwenda nayo hospitali, daktari anaijaza, na polisi na hospitali wanasomana kupitia karatasi hiyo moja, hata kama hawajawahi kuonana. Tunachokikosa ni karatasi ya namna hiyo kwa mtu aliye kwenye metadoni.

---

Mzazi, Tanga

Naheshimu yote yaliyosemwa, lakini naomba niseme kama mzazi aliyezika. Naona tunazungumza sana juu ya kadi na dirisha, ilhali mali inaendelea kushuka. Desemba 2023 Mamlaka ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, nyingine zikiwa zimefungashwa kama majani ya chai na kahawa. Hizo ni zile zilizokamatwa. Sisi wa pwani tunajua kwamba heroini ya Afghanistan hupakiwa majahazini katika pwani ya Makran na kuteremka na bahari hii tunayovulia dagaa. Kwangu mimi ushirikiano wa kwanza ni wa forodha, wanamaji, Posta, Uhamiaji na polisi. Unga usipofika mtaani, hatutahitaji metadoni.

---

Wakili wa Kinondoni

Mzazi mwenzangu, pole kwa msiba, na sina neno la kupunguza uchungu huo.

Nakubaliana nawe juu ya bahari, na mzigo ule wa Desemba 2023 ni ushahidi kwamba vyombo vikifanya kazi pamoja vinaweza. Lakini naomba utazame jambo moja. Kila mtu aliye kwenye dozi ni mnunuzi mmoja aliyepungua kijiweni, na mnunuzi wa kila siku, mara mbili au tatu kwa siku. Msako ule wa Ijumaa ulimrudishia muuzaji mteja aliyempoteza miezi minane iliyopita. Kwa hiyo hata mtu anayejali upande wa mali peke yake ana sababu ya kutaka askari na muuguzi wafahamiane.

---

Miaka Sita Bila Unga

Nimesita kuandika, lakini kwa kuwa mnazungumza juu yangu, nitasema.

Nilianza kwa kuvuta, nikaishia kujidunga. Nimelala mahabusu mara nyingi kiasi kwamba najua harufu ya saruji ya vituo mbalimbali. Arosto ya mahabusu haifanani na nyingine, kwa maana huwezi hata kutembea. Unajikunja, mifupa inauma kana kwamba kuna mtu anaipasua kutoka ndani, na wenzako wanakusogea mbali kwa sababu ya kuharisha. Askari mmoja, Mungu ambariki popote alipo, alinipa maji ya chumvi na sukari usiku kucha. Hakufundishwa na mtu. Alisema mdogo wake alikuwa kama mimi.

Naomba nitofautiane kidogo na wakili. Karatasi ni nzuri, lakini tafadhali msije mkashauri kliniki iwape polisi orodha ya wateja. Nimeshasikia pendekezo hilo katika mikutano na kila mara mwili unanisisimka. Siku mateja watakapojua kwamba jina likiandikwa kliniki linasomwa kituoni, nusu ya foleni haitaonekana tena, na watakaobaki ni wale ambao hawana nguvu ya kukimbia. Taarifa iwe mkononi mwa mgonjwa mwenyewe. Yeye ndiye aamue kuitoa, na akishaitoa, kituo kiwe na wajibu wa kuuliza kliniki swali moja tu: je, huyu ni wenu, na anatakiwa kunywa lini? Kliniki ijibu hilo na isijibu lingine.

Kuna makutano mengine ambayo hamkuyataja. Mimi nilianzia soba hausi, nyumba ya kuishi watu wanaoacha dawa za kulevya, ambako tunafuata hatua kumi na mbili na mtu anaacha kila kitu. Huko, kwa miaka ile, mtu wa metadoni alionekana kama bado anatumia, na nilimwona kijana akikataliwa mlangoni kwa sababu hiyo. Huku kliniki nako wapo waliotuona sisi wa soba hausi kama watu wa maombi tu. Njia zote mbili zimeokoa watu ninaowajua kwa majina. Mamlaka inazisimamia nyumba hizi na Wizara ya Afya inaendesha kliniki, na ninachokiomba kwa moyo wangu wote ni kwamba wakubwa hao wawili waandike mahali pamoja kwamba mtu anaweza kutoka huku kwenda kule bila kutukanwa.

Halafu ije kazi. Dozi ya kila siku inataka uwe dirishani asubuhi, kila asubuhi, na fundi gani wa ujenzi atakusubiri mpaka saa tatu? Nilipopona sikuwa na kitambulisho cha taifa, sikuwa na cheti, na kikundi chetu cha vijana kilipokwenda kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia nne ya vijana katika asilimia kumi ya mapato ya ndani, tuliulizwa anwani ya biashara. Tulikuwa watu tisa tuliotoka kijiwe kimoja na anwani yetu ilikuwa kijiwe hicho. Afisa maendeleo ya jamii mmoja alitusaidia kwa kututembeza mwenyewe, Jumatano moja, kutoka ofisi ya vitambulisho ya NIDA hadi kwa mtendaji, kisha kwa bwana wa chuo cha ufundi. Alifunga ofisi yake siku nzima kwa ajili yetu. Leo tuna karakana ya kuchomelea mageti, na wawili kati ya wale tisa wamefariki.

---

Mwana wa Malindi

Ndugu zetu wa Tanzania, shikamooni kwa walio wakubwa kwangu. Naandika kutoka Kenya, upande wa pili wa mpaka, kwa sababu mnayoyasema ni yetu pia.

Kwetu mambo yamegawanyika kwa namna nyingine. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, iliwapa magavana hospitali za kaunti na pia udhibiti wa dawa za kulevya, lakini polisi, machifu na magereza wamebaki kwa serikali ya taifa, na NACADA, mamlaka yetu ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya 2012, nayo ni ya taifa. Kwa hiyo askari na muuguzi hawana mkubwa mmoja wa kuwaita mezani, isipokuwa wenyewe watake. Malindi ilipata kliniki ya metadoni mwaka 2015, na wahudumu wa kaunti wakiweka chini vifaa kwa ajili ya mishahara, askari hajui, chifu hajui, lakini mteja anajua kabla ya jua kuchwa.

Nimekubaliana sana na ndugu wa Miaka Sita kuhusu orodha. Njia niliyoishuhudia mimi ni ya wasaidizi wa kisheria, wengine wao wakiwa wametoka kwenye unga wenyewe, wanaozunguka vituoni asubuhi kuuliza kama kuna mtu aliyejitaja kuwa yuko kwenye dawa. Wakimpata, wanaipigia kliniki. Niliwahi kuona muuguzi akishuka kwenye tuktuk mbele ya kituo, kikombe amekifunika kwa kifuniko cha sufuria ndogo, askari akamfungulia, na mtu akanywa mbele ya watu wawili wenye sare tofauti. Hakuna aliyeona ajabu.

Jambo linalonitia hofu ni kwamba wahudumu wa namna hiyo mara nyingi hulipwa na wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, watu wa kwanza kutetereka katika kazi hii walikuwa wale wanaotembea baina ya ofisi na ofisi, kwa sababu hawamo katika ikama ya ofisi yoyote. Muulizeni mkubwa yeyote bajeti ya muuguzi iko wapi, atakuonyesha. Muulizeni bajeti ya mtu anayetembea kati ya muuguzi na askari.

---

Mjumbe wa Mtaa

Ndugu zangu, nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka nije na kitu mkononi. Asanteni, na ndugu wa Miaka Sita, nakushukuru kwa namna ya pekee, kwa maana rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na orodha, na nimeichana.

Haya ndiyo tuliyoyafanya. Nilikwenda kwa mtendaji wa kata, naye akatukutanisha ofisini kwake na mkaguzi wa polisi wa kata, mganga kutoka kliniki, na afisa ustawi wa jamii. Tulikaa saa tatu. Mkaguzi alituambia kwa unyoofu kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kuonyeshwa kadi ya metadoni na mtu aliyemweleza maana yake, na mganga akatoa moja mfukoni akaiweka mezani. Ilipita mkono kwa mkono. Nilitamani ninyi nyote mngekuwapo.

Tumekubaliana juu ya karatasi moja ya nusu ukurasa, ambayo mteja atabaki nayo mwenyewe, nyuma ya kadi yake. Haina jina la ugonjwa mwingine wala historia yake. Inasema kwamba aliyeibeba yuko kwenye matibabu yasiyotakiwa kukatika hata siku moja, na ina namba ya kliniki, nafasi ya askari kuandika saa aliyopiga simu, na nafasi ya kliniki kuandika saa iliyojibu. Mkaguzi aliomba iongezwe sehemu ya kusaini anayekabidhi zamu na anayepokea zamu, akasema askari asiposaini mahali, jambo hilo si kazi yake. Nikamkumbuka wakili. Afisa ustawi ameahidi kuipeleka kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kwa Mganga Mkuu wa Wilaya kwa barua moja yenye saini mbili, ili isife mtu akihamishwa, kama ilivyomtokea Mama Muuguzi.

Limebaki jambo moja ambalo hatukulimaliza. Namba ya kliniki hupokelewa hadi mchana, na Jumamosi na Jumapili anakuwapo mfamasia peke yake, mikono miwili, foleni ya watu wote dirishani. Msako hufanyika Ijumaa usiku. Mganga alisema hana mtu wa kumlipa apokee simu wikiendi, mkaguzi akasema kituo hakiwezi kumsafirisha mahabusu hadi kliniki bila gari, na gari ni moja. Tulitazamana. Kwa sasa namba iliyoandikwa kwa ajili ya wikiendi ni yangu mimi na ya afisa ustawi, na ikilia tutakwenda kwa miguu hadi dirishani kumwambia mfamasia. Kama kuna kata au wilaya ambayo imeshalitatua hili la wikiendi, naomba mtuandikie mlifanyaje na nani alilipa.

Kijana amerudi kliniki. Ameanza chini, na kila baada ya siku kadhaa daktari anampandisha kidogo. Jana nilimkuta saa kumi na moja alfajiri akisubiri geti lifunguliwe, amejifunika khanga ya mama yake kwa sababu ya baridi, na karatasi yake ameitia kwenye nailoni isilowe.